Sekunde 110 za usukani: kisa cha siku mbili za kuendesha gari nje ya Mwanza

Mwezi wa Julai nililipa kiingilio cha shilingi 60,000 kwa siku ya watu wa kawaida kuendesha magari yao kwenye uwanja uliopangwa koni, nikaamka saa 10 alfajiri, nikatoka Nyakato nikaipita Kisesa na gari likiwa limeoshwa na kujazwa mafuta, na nikarudi nyumbani saa 1 usiku. Ndani ya muda wote huo, niliendesha uwanjani kwa sekunde 110. Nilizihesabu usiku uleule nikiwa nimekaa barazani, mara mbili, kwa sababu sikuamini.

Mwezi wa Septemba nilirudi. Uwanja uleule, Impreza ileile ninayowapeleka nayo watoto shule, na waandaaji karibu walewale. Safari hii niliendesha kwa dakika 24 na sekunde 45.

Nimeombwa na wenzangu niandike kilichobadilika katikati ya siku hizo mbili, kwa kuwa sasa wapo vijana wa Musoma na Shinyanga wanaotaka kuandaa ya kwao. Naandika kama mshiriki wa siku ya kwanza na mjumbe wa kamati ya siku ya pili. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: siku ya aina hii inapimwa kwa dakika ambazo mtu wa kawaida, mwenye gari la kawaida, anakaa kwenye usukani akijifunza. Mambo mengine yote, kuanzia muziki na chakula hadi aina ya magari yaliyokuja, yanakuja nyuma ya hilo.

Uwanja wenyewe

Ni eneo la kiwanda cha kuchambua pamba kilichofungwa siku nyingi. Wanaoijua Usukuma wanavijua viwanda hivi: ghala refu la mabati, mizani ya malori, na sakafu kubwa ya zege ambako malori yalikuwa yakigeuza. Sakafu hii ina urefu wa kama mita 200 na upana wa mita 120 hivi. Ukipanga koni vizuri unapata mzunguko wa mita 600 wenye kona nane. Gari dogo linaumaliza kwa sekunde 55 hivi, na penye kasi zaidi unafika kilomita 70 kwa saa kabla ya kulazimika kukanyaga breki.

Wapo wanaosema kilomita 70 ni mwendo mdogo, hata daladala za Igoma zinaufikia. Nawaelewa, ila kasi ya kuifikia kwenye mnyooko na kasi ya kuingia nayo kwenye kona ni mambo mawili. Kona ya pili ya uwanja ule ukiiingia kwa kilomita 50 gari linalia matairi yote na pua inakataa kugeuka. Hapo ndipo somo lilipo, na ukikosea unagonga koni ya plastiki. Barabara ya Magu haikupi nafasi hiyo.

Jambo jingine ambalo waliotoka Dar hulisahau ni mwinuko. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Pwani kwa zaidi ya asilimia 10. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) inakosa sehemu ya nguvu zake kwa kiasi kinachokaribia hicho. Kwa hiyo Altezza inayosifiwa Mbezi haitafanya yaleyale Mwanza. Hata hivyo, kwenye uwanja wa kona nane upungufu huo haukumnyima mtu chochote.

Julai

Tulifika magari 34 kabla ya saa 2 asubuhi. Tulikuwa tumeambiwa tutaanza saa 3. Gari la kwanza liliingia uwanjani saa 5:30.

Saa mbili na nusu zile zilipotea hivi. Koni hazikuwa zimepangwa usiku wa kuamkia siku hiyo, zikapangwa asubuhi watu wakitazama, kila mmoja akiwa na ushauri wake. Spika zilikuwa zinajaribiwa. Halafu tukamsubiri mgeni rasmi. Alipofika alisalimia vizuri, akazungumza kwa dakika 25 kuhusu vijana na nidhamu, akakata utepe, wakapiga picha. Simlaumu mgeni, aliitwa akaja. Swali langu ni kwa nini saa za watu waliolipia kuendesha zilifungwa kwenye ratiba ya mtu ambaye hakuja kuendesha.

Kisha gari likawa linaingia moja moja. Sekunde 55 za kuzunguka, halafu mshereheshaji anatangaza muda, koni zilizoanguka zinasimamishwa na vijana wawili wanaotoka mbali, gari la pili linaitwa, dereva anatafutwa yuko kwenye mishkaki. Kila gari lilikula dakika tatu. Zidisha kwa 34 upate dakika 102 kwa raundi moja. Tuliendesha kuanzia saa 5:30 hadi saa 11 jioni, dakika 330. Chakula kilichukua 60. Zikabaki 270.

Kwenye raundi ya kwanza Mark X moja ilimwaga oili kona ya tatu. Haikuwa ajali, ilikuwa gasketi ya sampo, karai la oili chini ya injini, iliyokuwa ikivuja tangu zamani, na injini ilipopata moto na gari kulala kwenye kona, ikaachia. Hapakuwa na unga wa mbao wala mchanga uliotengwa. Kijana alitumwa na bodaboda kutafuta. Dakika 50. Zikabaki 220, yaani raundi mbili, na magari matano tu yakapata ya tatu. Mimi sikuwa kwenye matano hayo.

Sekunde 55 mara mbili ndiyo zile 110. Ukigawa kiingilio, kila dakika ya usukani ilinigharimu kama shilingi 32,700. Na katika mizunguko yangu miwili hakuna mtu aliyeniambia nimefanya nini vizuri au vibaya. Nilitangaziwa muda wangu, watazamaji wakapiga makofi, basi.

Tatizo lilianzia wapi

Ni rahisi kusema waandaaji walikuwa wazembe. Hawakuwa. Niliona jinsi walivyohangaika, wawili hawakula mchana kutwa. Walichokosea ni kuandaa kitu kimoja wakiwa na picha ya kingine kichwani.

Afrika Mashariki tumelelewa na rali. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na wazee wetu bado wanamtaja Bert Shankland aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, aliyeshinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Rali ni mchezo wa kutazamwa: watu wanajipanga kando ya njia, gari linapita moja moja kwa muda, na muda ndio habari. Kwa hiyo walipofikiria siku ya magari, waandaaji wakafikiria watazamaji, muda na mshindi. Madereva 34 wakawa wasanii wa jukwaani waliojilipia wenyewe.

Kumbe nje ya rali kuna mila nyingine kabisa. Kwenye kamati ya Septemba alijiunga dada mmoja aliyesoma Uingereza, ambaye kule alihudhuria mara kadhaa siku ambazo kiwanja cha mbio hufunguliwa kwa watu wa kawaida na magari yao. Alituambia jambo lililonishangaza: kule hakuna kupima muda. Ukionekana na saa ya kupimia unaweza kuondolewa, kwa sababu siku hizo si mashindano na bima zake haziruhusu mashindano. Asubuhi kuna maelezo ya lazima kwa kila dereva. Mizunguko ya kwanza ni ya polepole, ya kuijua njia. Hupiti gari jingine kwenye kona, na unayempita lazima awe amekuona. Mtu anaweza kuendesha zaidi ya saa nzima kwa siku.

Marekani nako wana aina mbili. Moja ni ya viwanja vikubwa, ambako madereva wanagawanywa kwa uzoefu na kila kundi linapata zamu kadhaa za dakika 20 hivi, mwanafunzi akiwa na mwalimu pembeni. Nyingine ni ya koni kwenye maegesho, inayofanana zaidi na yetu, ambayo inapima muda na kumwongezea dereva sekunde 2 kwa kila koni aliyoiangusha. Hii ya pili nayo inalalamikiwa kwamba mtu anaendesha dakika chache tu kwa siku nzima. Lakini wana utaratibu mmoja niliotaka tuuchukue mara moja: kundi moja linapoendesha, kundi jingine ndilo linalosimama kwenye koni. Hakuna anayekaa bure na hakuna kijana wa kuajiriwa anayetoka mbali.

Septemba

Tulikubaliana kwanza juu ya idadi: magari 16, si zaidi. Makundi mawili ya magari manane. Kiingilio kikapanda hadi 85,000, na mjadala wa kiingilio ndio uliokuwa mkali kuliko yote. Mhazini alisema hakuna atakayelipa. Nafasi ziliisha ndani ya siku nne.

Koni zilipangwa Ijumaa jioni na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa tena. Hakukuwa na utepe wala mgeni rasmi. Spika moja ndogo ilibaki kwa ajili ya matangazo ya usalama.

Uwanjani yaliingia magari mawili kwa pamoja, yakitofautiana nusu mzunguko, kila moja likizunguka mara tatu mfululizo ndipo litoke. Jozi moja ilichukua dakika tatu na nusu pamoja na kubadilishana. Jozi nne za kundi, dakika 14, ndiyo raundi moja. Raundi tatu kwa zamu, dakika 42. Kila kundi likapata zamu tatu. Mizunguko 27 kwa kila gari. Kila dakika ya usukani sasa iligharimu kama shilingi 3,400, ingawa kiingilio kilikuwa kikubwa zaidi.

Lakini magari mawili kwa pamoja yanahitaji bendera, na hapa hatukufanya mzaha. Vituo vitatu, kila kimoja na mtu mwenye njano na nyekundu. Njano, punguza mwendo na uwe tayari kwa lolote. Nyekundu, simama taratibu pembeni, usirudi nyuma, usishuke. Gari la nyuma likilikaribia la mbele, la mbele linaonyeshwa bluu na linatoka kwenye njia ya kutokea. Mara mbili ilitokea hivyo. Muuguzi alikuwepo tangu asubuhi, na kila mjumbe wa kamati alijua gari lipi litampeleka mtu hospitali ya Bugando, dereva ni nani na geti lipi halifungwi. Mitungi ya kuzimia moto ilikuwa minne, na unga wa mbao magunia mawili. Magunia yale hayakufunguliwa.

Hayakufunguliwa kwa sababu ya ukaguzi. Fundi wetu alianza saa 12:30 asubuhi akiwa na jeki, tochi na spana ya nati. Alilala chini ya kila gari. Alishika betri kuona kama imefungwa. Aliondoa mazulia ya sakafuni, chupa za maji, viti vya watoto, chochote kinachoweza kuteleza kikaingia chini ya pedali. Helmeti aliikagua kwa ndani, kwa sababu ya bodaboda na ya gari si kitu kimoja: zile za gari, zenye alama ya SA ya Snell, shirika linalopima ubora wa helmeti, zina bitana inayostahimili moto. Tulikuwa nazo tatu tu, wengine wakavaa za pikipiki zilizo nzima, na hilo bado linanisumbua.

Na alifungua kikopo cha mafuta ya breki kila gari. Hapo ndipo tulipokutana na mzee wa Corolla.

Ni mzee wa Buhongwa, mwalimu mstaafu, dereva wa miaka 30 na zaidi. Mafuta yake ya breki yalikuwa meusi kama kahawa. Fundi akasimama wima, akafuta mikono.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenuna?"

"Mzee, kwa mafuta haya siwezi kukuruhusu uingie."

"Breki zinashika hizi. Juzi nimetoka nazo Tarime."

"Zinashika barabarani, mzee. Humu utazikanyaga kona nane kwa dakika moja, mara tatu bila kupumzika."

Mzee hakufurahi, na nilielewa. Fundi akamweleza taratibu, na maelezo yale nayaweka hapa kwa sababu yanafaa kila mwenye gari. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa. Yana madaraja, na kwa viwango vyake, daraja la DOT 3 likiwa jipya halipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini likishanyonya maji kiwango hicho kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikishanyonya. Breki zikipata moto mwingi, mafuta yaliyochoka yanachemka ndani ya bomba na kutoa mvuke. Mvuke unabonyea. Unakanyaga, pedali inashuka hadi chini, gari linaendelea.

Fundi alikuwa amekuja na chupa sita za DOT 4. Dakika 40 baadaye Corolla ilikuwa na mafuta mapya na breki zimetolewa upepo, na mzee akaingia zamu ya pili. Gari jingine tulilikataa moja kwa moja, tairi la nyuma lilikuwa limepasuka ubavuni. Mwenyewe alirudishiwa pesa akabaki kusimamia koni hadi jioni, na namshukuru.

Dakika 25 zilifundisha nini

Zamu ya kwanza ya kila dereva ilianza na zoezi ambalo kwangu ndilo lililobeba siku. Mnyooko, kilomita 60 kwa saa, ukifika kwenye koni nyekundu unakanyaga breki kwa nguvu zako zote na hauachii.

Inaonekana jambo dogo. Kati ya watu 16, wengi hawakuweza mara ya kwanza, mimi nikiwemo. Tunakanyaga nusu. Au tunakanyaga kweli, ABS, mfumo unaozuia matairi yasifunge, inaanza kufanya kazi, pedali inatetemeka na kugonga mguu, tunashtuka tunaachia tukidhani tumevunja kitu. Mzee wa Corolla, gari lake halina ABS, alifunga matairi yote manne akaserereka moja kwa moja, usukani ukiwa umekatwa kulia na gari lisijali. Dada aliyekaa pembeni yake akamwambia, "Baba, achia kidogo ndipo ukate." Mara ya tatu aliweza. Mara ya nne aliizunguka koni kana kwamba ni ng'ombe wa Magu aliyesimama katikati ya lami.

Kwa zege kavu na matairi mazuri, gari linalotoka kilomita 60 linasimama kwa kama mita 18 tangu breki zishike. Kutoka 80 ni zaidi ya mita 31. Na kila sekunde ya kushtuka inaongeza mita 17 kwenye ile ya kwanza na 22 kwenye ya pili. Hesabu hizi nilikuwa nazijua kwa kusoma. Kuzipima kwa miguu, kutoka koni hadi pua ya gari langu, kulinibadilisha namna ninavyokaa nyuma ya lori.

Baada ya hapo kona zilieleweka haraka. Matairi ya mbele yana mshiko wa kiasi fulani, na unapokanyaga breki huku unakata kona unaugawa. Maliza breki gari likiwa limenyooka, ndipo ukate. Macho yatangulie kule unakotaka gari liende, usiikodolee koni unayoiogopa. Mzunguko wangu wa 5 ulikuwa ovyo, wa 20 ulikuwa na kona sita nzuri kati ya nane. Hicho ndicho mizunguko miwili ya Julai isingeweza kunipa hata ningekuwa na kipaji: nafasi ya kukosea, kuambiwa, na kurudia kabla mwili haujasahau.

Yaliyobaki mabaya

Walimu walikuwa wawili kwa magari 16. Zamu ya tatu walikuwa wamechoka na baadhi yetu tuliendesha bila mtu pembeni. Zege linakula matairi: tulizunguka kufuata mwelekeo wa saa siku nzima, na tairi langu la mbele kushoto liliisha kuliko la kulia kwa namna inayoonekana kwa macho. Tungegeuza mwelekeo baada ya chakula, tungegawana maumivu na tungepata kona nane mpya. Watu watatu walitoka uwanjani wakavuta breki ya mkono breki zikiwa za moto, ingawa asubuhi tulisema gari liwekwe gia na mawe chini ya matairi.

Na bima. Bima kubwa nyingi huondoa mbio na majaribio ya mwendo katika mambo inayolipia. Tuliliandika hili kwenye fomu na kulisoma kwa sauti asubuhi. Wawili waliondoka baada ya kusikia, tukawarudishia pesa na kuwaita walio kwenye orodha ya kusubiri, ambao walifika kabla ya zamu ya pili. Ingekuwa heri wangejua wiki moja kabla.

Kikao cha kupanga siku ya tatu ni Jumamosi hii. Orodha ya kusubiri ina majina 11, na hoja iliyopo mezani ni kuongeza magari yafike 20. Nimeipiga hesabu: jozi tano kwa kundi ni dakika 17 na nusu kwa raundi, zamu ya dakika 42 inabeba raundi mbili kamili, na kila dereva anashuka kutoka mizunguko 27 hadi 18. Kamati ina watu saba. Mimi na fundi tumeshasema tutapigia 16, na siku ya nne ifanyike mwezi unaofuata kwa ajili ya hao 11.